Kamba Katikati ya Ukumbi: James Brown Alikuwa Anaimbia Nani?

Tafuta wimbo wa James Brown, mwimbaji mweusi wa Marekani, uitwao "Out of Sight", wa mwaka 1964, kisha uulize ulishika nafasi ya ngapi kwenye chati ya R&B, yaani ya muziki wa watu weusi, ya jarida la Billboard. Hutapata namba. Wimbo haukukosa wasikilizaji. Chati ndiyo haikuwepo. Kuanzia mwisho wa Novemba 1963 hadi mwisho wa Januari 1965, Billboard waliacha kuchapisha orodha ya nyimbo za R&B. Hoja yao ilikuwa kwamba weusi na Wazungu sasa wananunua nyimbo zilezile, kwa hiyo orodha mbili za nini. Ikabaki orodha ya pop peke yake, ile ya wanunuzi wote, na humo "Out of Sight" uliishia namba 24.

Namba 24 ni nafasi ya mwimbaji wa kawaida. Mtu huyohuyo, mwaka uleule, alikuwa anajaza kumbi za watu weusi kutoka Florida hadi Harlem, mtaa wa weusi wa New York, na watu wakisimama foleni mchana kutwa kusubiri shoo ya usiku. Ndiyo maana kumpima James Brown wa wakati wa ubaguzi kwa chati tu ni kuteka maji kwa pakacha. Ili ujue ukubwa wake, ni lazima uangalie mlango wa ukumbi ulivyofanya kazi: nani aliingia, kwa mlango upi, na akiingia aliwekwa wapi.

Kwanza tumalizane na chati. Billboard walianza orodha ya muziki wa weusi mwaka 1942 kwa jina la "Harlem Hit Parade". Mwaka 1945 wakaiita "Race Records", yaani santuri za rangi. Mwaka 1949 ikawa "Rhythm & Blues". Jina likawa linabadilika, shabaha ikabaki ileile: mitaa ya weusi. Hicho kilikuwa kipimo cha mtaa, si cha mdundo. Angalia "Try Me", wa mwaka 1958: kwenye R&B namba 1, kwenye pop namba 48. Wimbo mmoja, sauti ileile, santuri ileile. Kilichotofautiana ni dirisha la kuhesabia tu.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu zaidi. Brown alizaliwa Mei 3, 1933, Barnwell, South Carolina, akalelewa Augusta, Georgia, akaonja jela akiwa kijana kwa kosa la wizi, na alipotoka akaungana na Bobby Byrd na wenzake wa mji wa Toccoa. Ralph Bass, msaka vipaji wa kampuni ya King ya Cincinnati, aliwasainisha kwa dola 200. Mwenye kampuni, Syd Nathan, aliposikia "Please, Please, Please" hakuupenda hata kidogo. Mtu anarudia neno moja, wimbo gani huo? Ukatoka 1956, ukaingia kumi bora za R&B, na kwa msikilizaji wa pop ni kama haukutoka. Nyimbo kadhaa zilizofuata zikadoda. Kikundi kikavunjika, maana lebo ya santuri ilianza kuandika jina la Brown mbele na la wenzake, Famous Flames, nyuma.

Kilichomweka hai miaka hiyo ni barabara.

Sasa kamba. Kusini mwa Marekani, katika miji mingi, ilikuwa marufuku kwa sheria au kwa mazoea watu weusi na Wazungu kukaa au kucheza pamoja. Lakini kufikia miaka ya 1950 vijana wa Kizungu walishauonja muziki huu redioni na walitaka kuja. Promota hakutaka kuzikosa pesa zao, wala hakutaka polisi wamfungie. Akafanya hivi. Ikiwa ni dansi la watu weusi, sakafu yote ilikuwa ya weusi, na roshani, ile sehemu ya juu, ikawekwa kando kwa ajili ya Wazungu. Bango la mtaani liliandikwa wazi kwamba kuna nafasi kwa "watazamaji Wazungu". Neno ni watazamaji. Mweusi alilipa kiingilio ili acheze. Mzungu alilipa ili akae juu, amwone anayecheza. Ikiwa ni onyesho la kuketi kwenye ukumbi mkubwa wa manispaa, mara nyingi mambo yaligeuka: weusi juu, Wazungu chini. Pengine zilifanyika shoo mbili, usiku mmoja wa hawa na mwingine wa wale.

Palipokosekana roshani, mathalani kwenye ghala la tumbaku kule North Carolina lililogeuzwa ukumbi kwa usiku mmoja, palifungwa kamba. Kamba hasa, ya katani, kutoka jukwaani hadi nyuma, ikigawa sakafu vipande viwili. Huku weusi, huko Wazungu, na askari katikati au pembeni akichunga. Kamba hiyo ilidai gharama: milango miwili, wakatisha tiketi wawili, vyoo viwili, walinzi zaidi. Na ilikuwa na kasoro moja ambayo hakuna promota aliyepata dawa yake. Muziki wa dansi husukuma watu mbele. Bendi ikikolea, sakafu nzima inasogea kuelekea jukwaani, kamba inavutika, inalegea, inakanyagwa, na ghafla watu wa pande mbili wanacheza bega kwa bega. Hapo askari anapanda jukwaani kuzima muziki, au taa zote zinawashwa. Mwimbaji hodari kupita kiasi alikuwa anahatarisha shoo yake mwenyewe.

Na yeye aliye jukwaani amtazame nani? Akimtazama msichana wa upande usio wake, ni kesi. Mbinu za Brown zilizokuja kuwa maarufu, kupiga magoti, kuanguka chini kama aliyezirai, kufunikwa joho begani na mtangazaji wake Danny Ray, kulitupa na kurudi kwenye maikrofoni, zinaonekana kila upande na hazimwelekei mtu yeyote. Wazo la joho alisema alilipata kwa mpiga mieleka wa kwenye televisheni, Gorgeous George. Sisemi kwamba kamba ndiyo iliyozaa joho. Magoti na kuzirai vina mizizi kanisani. Nasema mwigizaji ambaye kila usiku anasimama mbele ya ukumbi uliokatwa vipande hujifunza kuigiza kwa mwili mzima, aonekane hadi kiti cha mwisho cha roshani.

Barabara yenyewe ilikuwa na jina: chitlin' circuit, yaani mzunguko wa utumbo. Utumbo wa nguruwe ni chakula cha watu weusi wa Kusini tangu utumwani, na kumbi hizi ndizo walizoweza kuingia, kula na kucheza bila bughudha. Juu kabisa zilikaa sinema kubwa za mijini: Apollo ya Harlem, Howard ya Washington, Royal ya Baltimore, Uptown ya Philadelphia, Regal ya Chicago. Huko msanii aliwekwa wiki nzima, shoo kadhaa kwa siku, na filamu ikioneshwa katikati. Chini yake zilikuwepo klabu kama Royal Peacock ya Atlanta na Two Spot ya Jacksonville. Chini zaidi, maghala, kumbi za mafundi, vibanda vya mbao kando ya barabara. Huko ni usiku mmoja mmoja: mnapiga, mnapakia vyombo, mnalala ndani ya basi, kesho mji mwingine.

Kulala ndani ya basi hakukuwa ubahili. Hoteli hazikuwapokea. Wasafiri weusi walitembea na kitabu cha mwongozo cha Victor Green, kilichoanza 1936, kinachoonesha nyumba za wageni, migahawa na vituo vya mafuta vya kuwahudumia. Kwenye sehemu zisizomo kitabuni, mlinunua chakula mlango wa uani au mlikula biskuti na samaki wa kopo. Kiongozi wa bendi alipanga ratiba si kwa umbali tu, bali kwa kuuliza kati ya mji huu na ule tutapata wapi mafuta usiku na choo cha kuingia.

Wakati fulani Brown alipanda jukwaani kwa jina la mwingine. Meneja wake wa mji wa Macon, Georgia, Clint Brantley, alikuwa pia na Little Richard. Richard alipopata umaarufu mwaka 1955 na kuondoka, tarehe zake zilikuwa zimeshauzwa. Brown akazimalizia. Watu wamelipa kumwona Richard, anatoka kijana mfupi wasiyemjua, wanapiga kelele wamtaka Richard. Sidhani kuna shule ya jukwaa kali kuliko hiyo.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 alikuwa na bendi ya nidhamu ya kijeshi. Viatu ving'ae, suti zinyooshwe, na anayekosea noti analipa faini. Faini ilitozwa palepale jukwaani, katikati ya wimbo: Brown akicheza anamgeukia mpigaji na kumkunjulia vidole vitano, dola tano, anakunja na kukunjua tena, kumi. Ukumbini walidhani ni sehemu ya dansi.

Halafu kuna redio, maana kamba haikufungika hewani. Kituo cha WLAC cha Nashville kilirusha kwa wati 50,000 kwenye kilohezi 1510, masafa ya kati. Mawimbi hayo mchana hutambaa ardhini na kufa karibu, lakini jua likizama hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana. Kwa hiyo usiku Nashville moja ilisikika karibu nusu ya Marekani. Watangazaji wake, John Richbourg, Gene Nobles na Hoss Allen, walikuwa Wazungu. Wasikilizaji wengi waliwadhani weusi kwa namna walivyoongea. Udhamini ulitoka kwa maduka ya santuri yanayouza kwa posta, kama Randy's la mji wa Gallatin. Hapa ndipo fumbo la wasikilizaji linapofunguka. Kijana wa Kizungu wa kijijini Alabama asingeweza kwenda duka la mtaa wa weusi bila watu kumwona. Lakini aliweza kusikiliza redio chini ya blanketi na kuagiza santuri kwa barua. Postamasta hakujua ndani ya bahasha kuna nini. Kwa hiyo Brown alikuwa na wasikilizaji Wazungu miaka mingi kabla chati haijawaona.

Syd Nathan hakuwaona pia. Brown alipomwomba arekodi shoo nzima mbele ya watu, alikataa: nani atanunua santuri ya nyimbo ambazo tayari anazo, zenye kelele za watu juu yake? Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Weusi walinunua zaidi santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, kwa bei ya chini. Santuri kubwa ilihesabiwa kuwa bidhaa ya Mzungu mwenye sebule. Brown akatoa dola 5,700 zake mwenyewe na kurekodi Apollo usiku wa Jumatano, Oktoba 24, 1962. Hiyo ni wiki ya mgogoro wa makombora ya Cuba, Marekani nzima ikiwa imeshika roho mkononi. Na Jumatano Apollo ni usiku wa wanaojaribu bahati, usiku ambao watu 1,500 wa ukumbi ule hujigeuza mahakimu: usipowafaa wanakuzomea hadi utoke.

Sikiliza "Lost Someone" humo ndani. Ni wimbo mmoja wa zaidi ya dakika kumi kwenye santuri ya kama nusu saa, na umekatwa katikati kwa sababu upande wa kwanza umejaa. Lazima ugeuze santuri uendelee. Bendi inarudia vile vikodi (chords) vichache, pole kabisa. Brown anaimba neno, ananyamaza. Mwanamke anajibu. Anarudia kwa sauti ya chini zaidi, na wengine wanajibu. Baada ya dakika chache unasikia kwamba wanaouendesha wimbo ni ukumbi. Yeye anawapa nafasi tu. Kuna pahali anapiga ukelele mmoja, ukumbi mzima unalipuka, halafu unasikia watu wakicheka kwa kujishtukia. Hakuna studio itakayokupa kitu hicho. Hao ni watu wanaojua kanisa, wanajua wapi pa kuitikia, na hapo ndani hakuna aliyewawekea kamba.

Ilipotoka mwaka 1963, santuri hiyo ilipanda hadi namba 2 kwenye orodha ya santuri kubwa ya Billboard, ikakaa humo wiki 66. Orodha hiyo ilikuwa moja tu, ya wote, kwa sababu santuri kubwa za R&B hazikutengewa orodha yake hadi Januari 1965. Kwa maneno mengine, mara ya kwanza walipohesabiwa kwenye daftari moja na Wazungu, wasikilizaji wa James Brown walimfikisha hatua moja kutoka kileleni. Watangazaji wa redio za weusi waliicheza santuri nzima kama wimbo mmoja, na wakati wa kuigeuza wakapachika matangazo ya biashara. Santuri kubwa ilikuwa imepata matumizi ambayo King hawakuyafikiria: shoo ya dola kadhaa ukaimaliza nyumbani, kwa mtu ambaye Harlem ni mbali.

Biashara yake nayo ilibadilika. Akiwa na wakala wake Ben Bart, Brown aliacha kungoja kulipwa na promota, akaanza kukodi kumbi mwenyewe. Kila mji alimshirikisha mtangazaji wa redio wa hapo kwa asilimia ya mapato. Mtangazaji mwenye hisa mlangoni hahitaji kubembelezwa apige wimbo. Kila akiupiga anajaza ukumbi wake mwenyewe. Hatari ilihamia kwa msanii: mvua ikinyesha, kodi ya ukumbi inamhusu yeye. Lakini pesa zikihesabiwa usiku, zinahesabiwa mbele yake.

Sheria ya Haki za Raia ilisainiwa Julai 2, 1964, ikapiga marufuku ubaguzi kwenye hoteli, migahawa na kumbi za burudani. Oktoba mwaka huohuo, Santa Monica, California, Brown alipanda jukwaani kwenye onyesho lililorekodiwa kuwa filamu, mbele ya wanafunzi wa sekondari waliogawiwa tiketi, wengi wao Wazungu. Waliofunga shoo baada yake ni Rolling Stones, jambo ambalo ukitazama picha unawaonea huruma. Hao vijana hawakuwa roshani. Walikuwa chini, mbele, na walipiga kelele zilezile za Apollo, ila hawakujua wapi pa kuitikia. Sikiliza tofauti: ni kelele za mfululizo, hazina mapumziko.

Februari 1965 alisimamisha basi Charlotte, North Carolina, akiwa njiani kwenda kwenye shoo, wakarekodi "Papa's Got a Brand New Bag" bendi ikiwa hoi. Mkanda ukaharakishwa kidogo kabla ya kutolewa ili uchangamke. Ngoma na tarumbeta zimekaza pigo la kwanza, gitaa la Jimmy Nolen linakwaruza badala ya kuimba. R&B namba 1 wiki nane, pop namba 8. "Cold Sweat" ya 1967 ikafuata njia hiyo hadi mwisho wake: karibu hakuna mabadiliko ya vikodi, kila chombo kimegeuka ngoma. Huo ndio funk, na ajabu yake ni kwamba alizidi kuelekea sakafu ya wachezaji weusi wakati ule ule milango ya Wazungu ilipomfungukia.

Aprili 5, 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, alikuwa na shoo Boston Garden, ukumbi wa watu wapatao 14,000. Meya Kevin White alitaka kufuta. Diwani Tom Atkins akamwonesha kwamba maelfu ya vijana weusi kukuta milango imefungwa ni hatari zaidi. Wakakubaliana shoo irushwe moja kwa moja na kituo cha televisheni cha WGBH. Tangazo likatoka, na watu wakaanza kupanga foleni kurudisha tiketi. Kwa nini ulipe kitu unachokipata bure sebuleni? Brown alidai jiji limlipe dola 60,000 kufidia. Walioingia walikuwa kama 2,000. Vijana waliporuka jukwaani na polisi kuanza kuwasukuma, aliwaomba polisi warudi nyuma, akawatuliza mwenyewe. WGBH walipomaliza wakarudia shoo yote, ili watu wabaki majumbani. Ukumbi mtupu kuliko kawaida yake, na watazamaji wengi kuliko wakati wowote mjini humo.

Agosti mwaka huo akatoa "Say It Loud – I'm Black and I'm Proud". R&B namba 1, pop namba 10. Baadaye alisema wimbo huo ulimgharimu wasikilizaji wengi Wazungu, na hesabu zinamuunga mkono: hakuingia tena kumi bora za pop hadi "Living in America" katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1974 peke yake alikuwa na nyimbo tatu namba 1 kwenye orodha ya weusi, "The Payback", "My Thang" na "Papa Don't Take No Mess". Kwenye pop zilifika namba 26, 29 na 31. Kamba ilikuwa imeondolewa sakafuni miaka kumi kabla, lakini madirisha mawili yalikuwa palepale.

Kumbi zilizomlea hazikuwa na bahati hiyo. Mteja mweusi alipoweza kwenda popote, na msanii mkubwa alipoweza kukodi uwanja wa michezo, sinema za mzunguko zikakosa mapato. Regal ya Chicago ilifungwa 1968, ikabomolewa 1973. Howard ilifungwa 1970. Royal ya Baltimore ilibomolewa 1971.

Na Dar es Salaam? Huko walimsikia kwa santuri na redio, bila kamba yoyote. Wakuu wa mkoa waliona tatizo lingine. Novemba 1969, mwaka uleule wa Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, muziki wa soul, ambao ndio wa Brown, ulipigwa marufuku jijini kwa kuonekana ni utamaduni wa kigeni unaopotosha vijana. Mwaka mmoja na ushee baada ya "Say It Loud".